Nakuja na Ndege

Mtu akiniuliza Nairobi ni mbali kiasi gani kutoka Dar es Salaam, nami humuuliza anataka umbali wa nani: wa dereva, wa Mhindi mwenye ramani, au wa kadhi? Wengi hudhani namfanyia mtu ujeuri, kwa kuwa najulikana kwa ulimi wangu, wakaenda zao kumuuliza mwingine. Lakini mimi niliusikia umbali huo ukipimwa kwa njia zote tatu katika alasiri moja, nimekaa nyuma ya pazia, na kipimo kilichopatikana ndicho kilichoamua kama nitakuwa mke wa mtu au la.

Ilikuwa zama za Mwingereza, kabla ya vita vya pili. Tulikaa Kariakoo, nyumba ya pili kutoka kona ya Mtaa wa Msimbazi, mimi na shangazi yangu. Mama alifariki nikiwa sijaota meno ya pili, na shangazi, dada yake baba, ndiye aliyenilea. Baba alikuwa mpishi. Alimpikia Mzungu mmoja Uzunguni miaka mingi, na yule Mzungu alipohamia Nairobi akamchukua mpishi wake kama alivyochukua viti vyake. Tangu hapo baba alikuja nyumbani mara moja kila baada ya miaka miwili. Alipanda treni mpaka Mombasa, akangoja meli, akaja nayo polepole. Siku sita, na mara nyingine nane. Akifika alikuwa bado anayumba kidogo akitembea, na shangazi akimcheka.

Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma. Herufi za Kizungu alizipata kwenye makopo ya jikoni na kwenye kitabu cha mapishi cha bibi wa yule Mzungu, akanipa na mimi, kwa mkaa, kwenye sakafu ya uani. Neno la kwanza nililosoma maishani mwangu ni chumvi. Shangazi hakujua kusoma kabisa. Baba mdogo, ndugu yake baba, alisoma herufi za Kiarabu tu, na za Kizungu alizitazama kama mtu anayetazama nyayo za kuku. Basi barua zote za baba zilipita kinywani mwangu. Jambo hilo lilinitia kiburi, sitaki kulificha. Katika nyumba ya watu wazima, mimi wa miaka kumi na minane ndiye niliyejua baba kasema nini.

Mwaka huo nikaposwa na fundi wa reli, wa karakana ya mtaa wa Gerezani, mtu wa Tabora. Kila asubuhi alipita kununua maandazi kwa shangazi, akiyapokea kwa mikono miwili, na mikono yenyewe ilikuwa na mafuta ya mashine yasiyotoka kwa sabuni yoyote. Hakuwa mzuri wa sura. Alikuwa mtulivu, na mimi nisiyetulia nilimpenda kwa hilo. Nalisema waziwazi kwa sababu wakati ule msichana hakuruhusiwa kulisema, na nimechoka kulizunguka.

Mshenga alipokuja, baba mdogo alitikisa kichwa, akasema mtu wa bara, ukoo wake hatuujui, lakini hata hivyo kaka aandikiwe. Nani aandike? Mimi. Nikaandika barua ya kujiombea mume kwa mkono wangu mwenyewe, baba mdogo akinitajia maneno, nami nikiyanyoosha kidogo pale yalipokuwa makali.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Shangazi na baba mdogo walikaa mkekani, nikasimama mbele yao kama mhubiri. Baba alisalimia watu wote, wazima na wagonjwa. Kisha akasema: "Habari ya posa nimeipata. Nitasema nikifika. Mtu lazima aonwe." Hapo nilikatisha kusoma. Niliona kwamba atakuja baada ya miezi, atamtazama fundi wangu kama anavyotazama samaki wa jana sokoni, atamrudisha. Chini yake palikuwa na maneno mengi juu ya bwana wake: kwamba anaumwa kifua, daktari anataka ateremshwe pwani, na kwamba huenda wakaletwa kwa ndege ya Ulaya, ile inayoruka, maana bwana hawezi kutikiswa na treni na hali chakula cha mkono mwingine. Hayo sikuyasoma kwa sauti. Siwezi kusema nilikuwa na nia mbaya. Kifua cha Mzungu hakikunihusu, na mawazo yangu yote yalikuwa kwa fundi wangu. Nikaruka mpaka mwisho, ambapo baba alimwahidi shangazi kasuku anayesema, aliyemwona Nairobi kwa mtu wa Kongo. Shangazi akafurahi sana juu ya kasuku.

Mambo yangeweza kulala hapo, kama karakana isingemhamisha fundi wangu. Siku ya Jumatatu aliambiwa kwamba Jumamosi, treni ya adhuhuri, anakwenda Tabora, na huko atakaa. Aliye na mke aende naye, nafasi ipo. Asiye na mke aende peke yake. Shangazi alilisema neno ambalo mimi nililiwaza tu: "Tabora kwao. Akifika huko hakosi binti wa jirani."

Baba mdogo alikuwa mtu wa kupenda kushika usukani. Ukoo wa bara aliousema mwezi uliopita aliusahau mara moja. Jumanne asubuhi alivaa joho lake akaenda kwa kadhi, akamwambia: kaka yangu yuko Nairobi, mimi ndiye baba, naomba ruhusa nimwoze binti Ijumaa. Alirudi uso umemvimba.

"Eti mimi si walii wa kumwoza," alimwambia shangazi. "Baba akiwa hai, mdogo wake si kitu. Eti akiwa mbali, walii anakuwa kadhi, si mimi. Mimi niliyemwekea huyu mtoto kofia ya jua akiwa mchanga."

Kofia hiyo sijapata kuisikia kabla wala baada ya siku hiyo. Lakini sheria ilikuwa ndiyo hiyo, na kadhi hakuwa mtu wa kuikunja. Alimwambia baba mdogo mambo mawili. La kwanza, mpelekeeni baba simu ya maandishi, ajibu. La pili, nileteeni umbali. Hakutaka kuambiwa "mbali". Alitaka kujua mbali kiasi gani, maana sheria imeweka kipimo: marhala mbili, mwendo wa siku mbili kwa ngamia wenye mizigo. Walii akiwa nje ya marhala mbili, kadhi anaweza kuoza. Akiwa ndani yake, hawezi.

Simu nilikwenda kuiandika mimi, Posta, kwa karani. Simu hulipiwa kwa neno, kwa hiyo tulisema machache: mchumba anahamishwa Jumamosi, tunaomba idhini.

Jumatano alasiri kadhi alikuja mwenyewe kwenye baraza yetu. Mimi nilikaa ndani, pazia likinitenga na wao, nikiona vivuli vyao na kusikia kila neno. Baba mdogo alitoa uzi wa cherehani wenye fundo. Alikuwa ametoka Uhindini, kwa muuza vitambaa mmoja wa Kihindi aliyekuwa na ramani ukutani, na yule Mhindi aliunyoosha uzi kutoka Dar es Salaam mpaka Nairobi, akafunga fundo, akaulaza kwenye kipimo kilichochorwa chini ya ramani. Maili mia nne na kitu.

"Huo ni mwendo wa kunguru," alisema kadhi. "Ngamia hapiti hapo."

Basi akaitwa dereva wa lori, jirani yetu wa upande wa pili, aliyewahi kufika Nairobi kwa njia ya barabara. Alitaja Morogoro, akataja Korogwe, Moshi, Arusha, Namanga, akipinda kidole kwa kila mji. Alisema maili mia sita hazipungui, ingawa yeye hahesabu maili, anahesabu madebe ya petroli. "Siku nne kiangazi, shehe. Masika, dereva ni Mungu."

Hapo nilitabasamu peke yangu, gizani. Mia nne au mia sita, marhala mbili ni maili hamsini na kitu tu. Baba alikuwa mbali mara kadhaa zaidi ya ilivyohitajika. Sijapata tena kufurahi namna ile kwamba mzazi wangu yuko mbali, na nilipolitambua hilo furaha iliingia ubaridi.

Dereva, kwa kupenda maneno, akaongeza: "Lakini siku hizi kuna eropleni, shehe. Wazungu wanakunywa chai Nairobi, chakula cha mchana wanakula hapa. Huoni kama Nairobi imekuwa karibu?"

Kadhi aliuokota uzi wa Mhindi, akauzungusha kidoleni. Nilimwogopa dereva kuliko nilivyowahi kumwogopa mtu yeyote.

"Aendaye mbio hajaifupisha ardhi," kadhi alisema mwishowe. "Sheria inapima ardhi, haipimi saa. Hata mtu akivuka kwa kufumba na kufumbua, Nairobi iko pale pale ilipo. Ila sikilizeni neno moja. Nazungumza juu ya mtu aliyeko kule. Akiwa amekwisha kuvuka, ameingia ndani ya marhala mbili kwa ndege, kwa punda, kwa chochote, basi mimi si walii tena. Nikioza hali yeye yuko karibu, ndoa ni batili, na hao wawili ni watu baki. Nani atanishuhudia kwamba Ijumaa huyu mtu atakuwa bado mbali?"

"Mimi," alisema baba mdogo. "Meli ijayo haifiki kabla ya wiki ijayo."

Ikawekwa Ijumaa, baada ya sala ya alasiri.

Simu ya baba ililetwa Alhamisi na tarishi wa Posta. Niliifungua mbele yao wote wawili. Ilikuwa na maneno manne: NAKUJA NA NDEGE NGOJENI.

Niliyasoma kama yalivyo. Sikuongeza, sikupunguza. Shangazi akapiga makofi. "Kasuku wangu huyo," alisema. "Anakuja naye." Baba mdogo naye akacheka, akasema kaka ni mtu wa ajabu, binti anaombewa ndoa, yeye anazungumzia ndege. Mtu wa leo asiwacheke. Nairobi walikwisha kuzoea kuiita eropleni ndege, kavu hivyo hivyo. Sisi Kariakoo tulikuwa bado tunasema eropleni, au ndege ya Ulaya. Ukisema ndege tu, kwetu ilikuwa na manyoya. Na lile neno "na" halikusaidia kitu: mtu huja na treni, na pia huja na mkeka.

Lakini mimi barua nilikuwa nimeisoma yote. Zile herufi nilizitazama, na maana ya pili ikanijia wazi kuliko ya kwanza. Nilijua. Baadaye nilijaribu kujiambia kwamba sikuwa na hakika, kwamba "huenda" si "lazima", na maneno hayo yamenifaa usiku mwingi, lakini ukweli ni kwamba nilijua. Midomo nilikuwa nayo. Nilikunja karatasi nikaiweka chini ya kikombe.

Baba mdogo alimpelekea kadhi habari, kama alivyoelewa yeye. Kadhi hakulipenda lile "ngojeni". Alisema, kwa maneno aliyorudi nayo baba mdogo, "Sheria inaniruhusu. Adabu ndiyo ingetaka nimngoje." Akauliza kama fundi hawezi kuchelewesha safari. Hawezi. Basi akasema na iwe.

Ijumaa asubuhi nilikuwa chumbani, nimepakwa hina miguu na mikono, siwezi kushika wala kusimama. Saa tano hivi mngurumo ukapita juu ya mji, kutoka kaskazini. Haikuwa mara ya kwanza kuusikia, lakini ulikuwa bado ni kitu cha watu kutoka nje kutazama. Mtaa mzima ukatoka. Shangazi naye akatoka, akarudi akicheka, shingo inamuuma.

"Una nini?" akaniuliza. "Umekuwa wa majivu."

"Hina baridi."

"Nyamaza basi, utaiharibu."

Hiyo ndiyo nafasi ya pili niliyopewa, na ile ya Alhamisi ndiyo ya kwanza. Nilizihesabu mara nyingi. Niliwaza kwamba labda ni ndege ya barua tu. Niliwaza kwamba hata kama ni yeye, atafika sasa hivi, saa sita, saa saba, na mambo yatajiamua yenyewe bila mimi kufungua mdomo. Nikawa natega sikio mlangoni. Saa saba ikapita, saa nane ikapita, hakuna mtu. Nikaanza kuamini kwamba Mungu ameamua kunihurumia. Wakati huo wote baba alikuwa Uzunguni, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka mkeka niliokalia, akimtengenezea bwana wake supu, kwa sababu mgonjwa alishushwa akiwa hoi na hakuna mwingine aliyejua ale nini.

Kadhi alikuja na mashahidi wake. Aliuliza nyuma ya pazia kama nimeridhia, nikasema nimeridhia. Alimwoza fundi wangu barazani, kwa sauti ya kukokota, naye akajibu kwa sauti ndogo kama anayeomba maji. Pilau ikapakuliwa. Kadhi alikula matonge matatu akaaga.

Baba alitokea wanaume wakiwa bado kwenye sinia. Nilimwona kupitia upenyo wa dirisha: kanzu yake imechafuka kifuani kwa kutapika, kikapu mkononi, uso umechujuka, lakini anacheka. Alikuwa ndiye mtu wa kwanza wa mtaa wetu kuruka angani na alilijua hilo. Wanaume wakaacha kula. Baba mdogo akasimama, akasema kitu. Baba akaweka kiganja sikioni.

"Sema kwa nguvu," alipaza sauti. "Ile mashine imeniziba masikio. Sisikii."

Baba mdogo akasema tena. Baba akatikisa kichwa. Watu wa nyumba za jirani walikuwa wameanza kutoka. Mwishowe dereva wa lori, kwa kudhani anasaidia, alimwinamia akapiga kelele iliyofika sokoni:

"Binti yako ameolewa! Sasa hivi! Umechelewa!"

"Ameolewa?" baba aliuliza, naye kwa sauti ile ile kubwa ya mtu asiyejisikia. "Nani aliyemwoza?"

Wote walitazama sinia. Aliweka kikapu chini, akavua viatu, akaketi pembeni ya mkeka. Walimsogezea sinia, akasema ameshiba. Nilitamani ardhi inimeze, na haya ni maneno ya kila mtu, lakini sina mengine.

Mtu alimfuata kadhi mbio, na jibu likaja kabla ya magharibi: bwana na bibi harusi wasikutane, chumba kifungwe, yeye atakuja asubuhi. Fundi wangu aliagana na wageni, akaenda kulala kwa rafiki zake Gerezani. Shangazi alitandika mkeka kwenye mlango wangu akalala hapo. Na kwa kuwa masikio ya baba yalikuwa hayajafunguka, kila alichomwambia shangazi jioni ile nilikisikia, ukuta kati yetu, neno kwa neno.

Alimwambia kwamba alikwisha kuuliza. Nairobi alimpata mtu wa Tabora anayeujua ukoo wa fundi, akamwambia ni watu wema, watu wa sala. Moyo wake ulikuwa umeridhika tangu mwezi uliopita. Ila hakutaka kulisema kwa barua, alitaka kulisema kwa mdomo. Alimwambia kwamba amejifunza khutba ya ndoa yote, na maneno ya akidi yanayofunga ndoa, kwa Kiarabu, mwezi mzima, jikoni, akimenya viazi, mpaka bwana wake akawa anauliza kama mpishi ameingia wazimu. Wenzake walimwambia awaachie masheikh, baba wengi huwaachia. Alikataa. "Nina mtoto mmoja," alisema, na akalisema kwa sauti kubwa kupita alivyotaka. "Nilitaka nimwoze kwa ulimi wangu."

Nililia kwa kujiuma kidole, ili shangazi pale mlangoni asinisikie.

Jumamosi kadhi alikuja mapema. Vitu vyangu vilikuwa vimefungwa, sanduku moja na godoro, na hakuna aliyejua kama vitakwenda popote. Fundi wangu alikuja na mashahidi, akakaa karibu na mlango, kofia mkononi. Mara hii baba alitaka pazia lifunguliwe nusu, nami nikakaa ndani ya kizingiti, yeye nje yake. Masikio yake yalikuwa yamefunguka usiku. Alisema kwa sauti yake ya kawaida, ya chini, na mimi ningependa ile kubwa.

Kadhi alimuuliza alishuka saa ngapi. Saa tano asubuhi, shehe. Wapi? Uwanja wa ndege, hapo nje ya mji. Kadhi akashusha pumzi. "Basi niliyoyafanya jana hayapo," alisema. "Nilioza mtu ambaye walii wake alikuwa mjini. Namwomba Mungu msamaha, nawe pia nakuomba." Kisha akamgeukia baba mdogo: "Mliniambia atakuja kwa meli."

"Alisema anakuja na ndege," alijibu baba mdogo. "Tulidhani kasuku."

Kuna mtu nje alicheka. Baba hakucheka.

"Mlidhani kasuku," alisema polepole. "Lakini kwenye barua nilieleza. Niliandika kwamba bwana anaumwa, na kwamba huenda tukaja kwa ndege ya Ulaya inayoruka. Niliandika kwa urefu ili msije mkababaika."

Shangazi alimtazama, akanitazama mimi. "Hilo hatukusomewa," alisema. Hakukusudia kunishtaki, lilimtoka tu. Baada ya hapo akasema kwa sauti ndogo, kama anayejizungumzia, "Njia ya mwongo ni fupi," na akajifunika uso kwa ukingo wa kanga.

Baba aligeuka. Sikuwa nimemwona kwa karibu kwa miaka miwili. Alikuwa amezeeka masharubu.

"Barua uliisoma?"

"Niliisoma, baba."

"Yote?"

Ningeweza kusema mwandiko ulifutika. Ningeweza kusema nilisahau. Fundi wangu alikuwa ananitazama, kadhi alikuwa ananitazama, na treni ilikuwa inaondoka adhuhuri.

"Yote."

"Na simu ilipokuja, uliielewa?"

"Niliielewa, baba. Niliogopa utamkataa."

Hakukasirika. Laiti angekasirika, mimi hasira naijua, nimezaliwa nayo, ningejua mahali pa kuishika. Alitikisa kichwa mara mbili tatu, kama mtu aliyeonyeshwa njia akaielewa. Kadhi aliona mambo yamekaa vibaya, akajaribu kuyaweka sawa. Alisema sasa neema imepatikana, walii yupo, bwana yupo, bibi yupo, mashahidi wapo, na wakati ungalipo. Nimesikia umejifunza akidi, alimwambia baba. Bismillahi, mwoze mwenyewe.

Baba alitazama mikono yake.

"Mwoze wewe, shehe," alisema. "Mimi niko Nairobi."

"Uko hapa, ndugu yangu. Nakuona."

"Jumatano mlipima mkaona niko mbali. Kipimo ni kile kile."

Kadhi akamwambia kwa upole kwamba maneno hayo hayatoshi kisheria, kwamba kama hataki kuoza kwa ulimi wake ni lazima amwakilishe mwingine kwa tamko, la sivyo binti atabaki kama alivyo. Nilidhani hapo ndipo atakapokataa. Nilidhani ataniacha niketi na sanduku langu, na nilijua ningestahili. Lakini alinyoosha mgongo, akasema wazi, kila mtu asikie: "Nimekuwakilisha umwoze binti yangu." Alikuwa ameridhia tangu Nairobi, na hakuwa mtu wa kurudisha neno.

Kadhi akaniuliza kama nimeridhia. Nikasema nimeridhia. Akaanza khutba, ile aliyokuwa ameisoma jana, kwa sauti ile ile ya kukokota, na mahali pamoja akajikwaa, akakosa neno. Baba, macho bado chini, alimtajia. Lilimtoka sahihi kabisa, kwa matamshi ya mtu aliyelirudia mwezi mzima. Kadhi akalipokea, akaendelea. Fundi wangu akakubali. Ndoa ilisihi, na adhuhuri tulikuwa kwenye treni.

Asubuhi ile barazani, akidi ikifungwa, baba alikuwa amekaa mahali ambapo ningenyoosha mkono ningemgusa goti. Sikunyoosha.